Kadi ya Mama Sadallah

Fortunatus alikuwa dereva wa bodaboda pale Lisekese, karibu na Masasi, mtu asiyejua kukaa. Hata chakula alizoea kula amesimama, funguo za pikipiki zikining'inia kidoleni. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado nzito, pikipiki ilimteleza kwenye tope njia ya Lulindi. Mguu wake wa kulia ukavunjika. Abiria wake, Mama Sadallah, mkulima wa korosho wa kijiji jirani, akavunjika mkono kwenye kiwiko. Walipakiwa gari moja kwenda hospitali, na njia nzima hawakusemezana.

Fortunatus aliporuhusiwa kurudi nyumbani aliambiwa asikanyagie mguu ule kwa miezi miwili. Siku ya tatu tu alikuwa ameshagombana na redio. Alizitambua pikipiki za wenzake kwa mlio zikipita barabarani, na kila moja ilimwinua kitandani. Mkewe Claudia, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akirudi mchana alimkuta amefungua kitasa cha mlango na kukirudisha vibaya.

Siku moja Claudia alikuja na mabaki ya karatasi za manila na chupa ya gundi. Wanafunzi wake walikuwa wakitengeneza kadi za kumuaga mwalimu aliyehamishwa, kwa maua yaliyokaushwa na kubandikwa. Akamwambia mumewe ajaribu. Fortunatus akajibu kuwa hiyo ni kazi ya watoto. Kesho yake, nyumba ilipobaki kimya, akajikokota na magongo mpaka nyuma ya jiko, akachuma maua ya maboga na kuyabana ndani ya daftari kuukuu.

Yalioza. Akachukua bogenvilia za uzio wa jirani, ambazo hazina maji mengi, lakini kila nusu saa alilifungua daftari kutazama, na petali zikachanika.

"Baba Nikolao, unayachungulia kama vitumbua," Claudia alimwambia mumewe. "Yaache."

Hakuweza kuyaacha. Mwishowe alilisukuma daftari chini ya godoro, akalilalia, kwa sababu kulitoa kungemlazimu ashuke kitandani, na mguu ulikuwa haukubali. Siku ya tano Claudia alilivuta. Petali zilikuwa nzima, nyepesi, rangi yake ileile.

Gundi nayo ilimsumbua. Aliimwaga, karatasi ikajikunja. Alikasirika, akachana, akaanza tena, mpaka alipogundua kwamba tone dogo kwenye ncha ya njiti ya kiberiti linatosha. Maua ya mkorosho yalipokauka yaligeuka kahawia, akayatupa, halafu akayaokota tena alipoona yanafaa kuwa matawi. Hadi mwezi wa nane alikuwa amechana kadi nyingi kuliko alizobakiza.

Moja hakuichana. Claudia alimuuliza ni ya nani, akasema si ya mtu. Lakini jambo moja lilikuwa linamwasha tangu hospitali. Ndugu zake walikwenda kumpa pole Mama Sadallah kwa niaba yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia neno.

Alikwenda kwa Mama Sadallah kwa miguu, akiegemea gongo moja. Alimkuta uani akipepeta mbaazi, ungo ameuegemeza tumboni, mkono wa kushoto ukifanya kazi yote. Akamwamkia, akampa kadi. Mama Sadallah aliigeuza, akauliza zile nyekundu ni nini, akajibiwa ni bogenvilia. Akaiweka kando.

"Kadi nimeiona. Nzuri. Sasa sema kwa mdomo."

Fortunatus alitazama njia aliyojia.

"Nilikuwa nakimbiza," alisema. "Uliniambia nipunguze mwendo, nikajifanya sikusikia. Nisamehe, mama."

"Nilikwambia mara mbili."

"Mara mbili," alikubali.

Mama Sadallah hakusema amesamehe. Aliunyoosha mkono wa kulia, ukaishia nusu. Akasema msimu unakuja na mkono ule hauokoti korosho. Kama ana nia, aje.

Mwezi wa kumi akaenda, siku tatu kila wiki. Hakuweza kuchuchumaa, kwa hiyo aliokota ameinama, mguu mmoja ameutanguliza mbele. Alikuwa na haraka, akiruka zilizofichwa na majani, na Mama Sadallah alimrudisha nyuma bila kukaripia. Wakati mwingine walimaliza mkorosho mmoja tu asubuhi nzima. Siku nyingine alitamani kuitupa ndoo aondoke. Hakuondoka.

Mwishoni mwa msimu pikipiki ilikuwa imetengenezwa. Mama Sadallah alikuwa na safari ya Mnyambe, kumwona binti yake aliyejifungua. Fortunatus akajitolea kumfikisha stendi ya Masasi. Mama akasema pikipiki hapandi tena, wala asimbembeleze.

Basi Fortunatus akafunga mzigo wa mama kwenye kiti, akaizima injini, akaikokota pikipiki. Wenzake walimpita wakipiga honi. Mama Sadallah alitembea kando, akimsimulia habari za mjukuu, na Fortunatus, jasho likimtiririka, alijitahidi asimwache nyuma.