Bukari Bila Mboga

Upupu sikuwa naujua. Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi hapa Kolwezi, na pori kwangu lilikuwa mahali pa kupita tu. Jumapili moja ya kiangazi, miaka michache kabla ya uhuru, nilikuwa nakwenda kwa baiskeli kujionyesha kwa mara ya kwanza kwa baba wa mchumba wangu. Nilikuwa karani, tena mwenye maringo, na koti langu jipya lilikuwa jeupe. Ili lisiingie vumbi la malori, niliacha barabara nikashika kijia cha porini. Huko tairi la baiskeli likaisha upepo. Nikavua koti, nikalitundika kwenye mmea wa kutambaa wenye maganda ya kahawia, yenye manyoya laini ya kupendeza, nikapiga pampu huku naimba, kisha nikalivaa tena.

Nilipofika ukweni, shingo na mgongo vilikuwa vinawaka moto.

Mzee yule alikuwa mtu wa reli, mchache wa maneno. Alikwisha kumwambia binti yake kwamba vijana wa nyumba za makapera wamejaa upele, na kwamba hatampa mwanawe mtu anayejikuna. Mchumba wangu alinionya mapema, akicheka. Basi nikaikalia mikono yangu. Koti nalo sikuweza kulivua, ingekuwa kukosa adabu. Nasema kweli, nilimchukia yule mzee.

“Unasikia joto, mutoto?” akaniuliza.

“Hapana, tata. Niko muzuri.” Machozi yalikuwa yananitoka.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Kwa desturi yao, yeye na mimi hatukupaswa kutazamana, lakini mlango ulikuwa na ufa, na yeye alikuwa mzaliwa wa kijijini. Haukupita muda, mchumba wangu akaja na sahani. Juu yake palikuwa na tonge kubwa la bukari ya moto, ndiyo ugali wetu. Mboga hakuna, samaki hakuna, hata maji ya kunawa hakuna. Akaiweka mbele yangu akatoka haraka, maana mbele ya baba yake hakuruhusiwa kusema nami.

Nikajua huu ndio mtihani. Mkwe akikupa kitu, unakula, huulizi. Nikala yote, kavu, mpaka chembe ya mwisho.

“Yo! Anaikula!” sauti ya mama ikalia toka jikoni. “Haiko ya kula! Ni ya kubingirisha pa shingo, itoe upupu!”

Mzee akaitazama sahani tupu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Siku ile mgonjwa alikuwa mgeni. Nikacheka nami, nikajikuna kwa mikono miwili, na upupu ukazidi.

Ndipo mchumba wangu akarudi na tonge jingine. Hakumwomba mtu ruhusa. Akakunja kola yangu, akalibingirisha polepole shingoni, vinyoya vikanasa, na moto ukaanza kushuka. Nilimpenda saa ile kuliko siku zote.

Kicheko cha mzee kikakatika. Katika nyumba ile msichana hakumgusa mwanamume kabla mambo ya ndoa hayajamalizika. Nikaogopa kwamba sasa tumepoteza yote.

“Amekugusa mbele yangu,” akasema. “Sasa binti yangu nitamupatia nani mwingine?”

Desturi ilitaka nimwachie mjomba wangu kujibu, siku nyingine. Sikungoja.

“Mi, tata.”