Bega kwa Bega, Kisiwa Kizima

Sababu ya safari yetu ilikuwa twiga watatu. Walikuwa wa mti, wamesimama juu ya meza ya muuza vinyago karibu na Ngome ya Yesu, hawamdhuru mtu, mpaka Ami Twalib alipopita na skuta yake kuukuu ya Vespa akaigusa meza kwa goti. Twiga wakavunjika shingo. Mwenye meza alisamehe palepale, maana Ami Twalib ni mtu wa miaka sabini na sita, na hapana mtu wa Mji wa Kale ambaye hajawahi kusalimiwa naye. Aliyekataa kusamehe ni binti yake, Mwalimu Mariamu, aliyekuja na gari lake kutoka Kizingo siku ileile. Yeye ni mwalimu mkuu, na mkono wake umezoea kuwanyang'anya wanafunzi simu. Alinyosha kiganja, na baba mtu akauweka ufunguo.

Kwa wiki tatu Ami alikaa barazani kwake akiipangusa Vespa isiyokwenda popote. Nyumba yangu inatazamana na yake. Asubuhi moja nilimpelekea kikombe cha chai, akaniambia bila ya kuniangalia, "Saida mwanangu, kwa miguu nakwenda hatua ishirini nakaa kitako. Bila hii nshakuwa mtu wa dirishani." Maneno hayo yaliniuma, nikarudi ndani na kikombe kitupu.

Basi nikalipeleka jambo lake kwenye chama chetu cha pikipiki, ambacho naye ni mwanachama. Chama kinaitwa Bega kwa Bega, na tu watu watano. Mwenyekiti ni Swaleh, muuza vigae, mwenye pikipiki kubwa kama ng'ombe na koti la ngozi ambalo hulivaa katika joto la Mombasa kwa ushujaa usiolipwa. Kwenye tangi amebandika maneno "Haraka haraka haina baraka", ila huwezi kuyasoma mpaka awe amesimama. Yuko Hassanali, mwenye duka la vipuri, ambaye huifuta pikipiki yake kabla ya kujifuta jasho. Yuko Musyoka, mtu wa bara, dereva wa kreni bandarini, asiyesema mengi. Na mimi, mshonaji, na skuta yangu ninayowapelekea wateja nguo. Vizibao vya chama nilivishona mimi, jina nikaliweka mgongoni. Sasa najua kwa nini linakaa mgongoni: ni ili walisome wale tunaowaacha.

Mimi na Swaleh tulikwenda Kizingo kumwombea Ami. Mwalimu Mariamu alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu yake akiwa bado ameshika kalamu. "Jumapili mzungusheni kisiwa, kisha muje kwangu munywe chai. Mukifika nyote pamoja, naye yu kati yenu, Vespa yake itabaki. Mukifika vipande vipande, naiuza. Mnunuzi nshampata, aja Jumatatu." Swaleh akacheka, akamwambia ahesabu vikombe vitano kuanzia sasa hivi, tukaondoka na ufunguo wa Ami.

Jumapili, saa tisa alasiri, tulikusanyika mbele ya Ngome. Nimesoma masimulizi ya watu waliovuka majangwa wakarudi wote salama. Sisi tulikuwa na kisiwa ambacho mtu mwenye haja zake anaweza kukizunguka kabla chai haijapoa. Hata hivyo Swaleh alitoa hotuba. Alikuwa ameandika kanuni tatu kwenye karatasi akaifunika kwa plastiki: mtu yeyote asimpite kiongozi, kila penye njia panda mtu angoje mpaka amwone wa nyuma yake, na mkia wa msafara asimpite mtu hata mmoja. Kiongozi ni yeye, bila ya kura. Mkia ni mimi. Ami Twalib alivaa kanzu yake na koti, helmeti juu ya kofia, akasikiliza kanuni zote kama anayesikiliza hutuba ya Ijumaa. Alipowasha Vespa, wauza vinyago wote wa Ngomeni walizivuta meza zao nyuma, na yule wa twiga akawakumbatia twiga wake wapya.

Barabara ya Digo tuliingia saa tisa na robo. Kufikia hapo kiongozi wetu nilikuwa simwoni tena, namsikia tu. Pikipiki yake haijui kwenda polepole, husema mwenyewe, kama vile kosa ni la pikipiki. Hassanali na Musyoka walimfuata wasije wakamkosa, nami nikabaki na Ami, ambaye aliendesha mwendo wa mtu aliyebeba trei ya mayai. Mikokoteni ilitupita. Lakini mwendo wake haukuwa ndio tabu. Tabu ilikuwa salamu. Mtu akiita "Ami Twalib" kutoka mlangoni mwa duka, Ami husimama. Hapungi mkono akapita. Anasimama, anatia mguu chini, anauliza hali yake, ya mamake, ya mtoto aliyekwenda Lamu, ya ule mguu uliokuwa ukimsumbua mwaka juzi. Mara ya tatu nilikuwa nyuma yake nikivuta mafuta, injini ikilia, ili ajue kwamba watu wana safari. Akageuka. "Zima injini, mwanangu," akaniambia. "Mtu hasalimiwi kwa moshi." Sikuizima.

Mwembe Tayari tuliwakuta wale watatu wakinywa maji ya miwa katikati ya mabasi ya bara, wamevua helmeti, jasho limeshakauka. Swaleh alipotuona alifurahi kwa dhati. "Ami, ushafika? Haya, twendeni." Na palepale akavaa helmeti akaondoka. Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya misafara yote ya namna hii: wenye mbio hukimbia, kisha hupumzika wakingoja, na wa polepole akifika na kiu yake, mapumziko yamekwisha. Mzee wa miaka sabini na sita ndiye peke yake aliyeizunguka Mombasa bila ya kupumzika, na wenzake wenye injini kubwa walikuwa wakipumzika kwa niaba yake. Alitaka maji. Muuza miwa alimjazia glasi, akainywa akiwa amesimama, huku akimuuliza muuzaji habari za nyumbani kwao.

Mzunguko wa Makupa tuliufikia saa kumi kasorobo. Kwa kanuni ya pili, Hassanali alipaswa kutungojea pale. Alikuwepo, kweli, kwa dakika nzima, kisha malori yakaanza kumwagia vumbi pikipiki yake, akaondoka. Ami akamwona mzee mwenziwe wa zamani kando ya barabara, akasimama, na nikajua kwa sura ya yule mzee kwamba hii ni salamu ya watu walioachana miaka mingi. Simu yangu ikalia. Alikuwa Swaleh. Aliniambia wao wako mahali paitwapo Pembeni, chai ya Mwalimu itapoa, tukichelewa itakuwa ni aibu ya chama, na kwamba Ami alizijua njia za kisiwa hiki kabla mimi sijazaliwa.

Nililitaka neno hilo. Nakiri. Nilikuwa nimechoka, jua la magharibi linanipiga usoni, na mtu amenipa sababu inayofanana na heshima. Nikamsogelea Ami nikamwambia, "Ami, natangulia kidogo nikuangalizie njia."

Alinitazama, na alijua. "Tangulia, mwanangu," akasema. "Lakini mkia ukienda mbele, mnyama atakwenda vipi?"

Nikatangulia. Kupitia Shimanzi, kati ya malori na matangi ya mafuta, niliivuta skuta yangu mpaka ikatetemeka, na nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Kwa dakika kumi sikumfikiria mtu. Nilipofika Pembeni, chini ya zile pembe kubwa za ndovu za bati zinazovuka barabara palikuwa na watu wakipigana picha na hapakuwa na hata mmoja wetu. Wenzangu walikuwa wameshakwenda mbele, kama kawaida ya kungoja kwao.

Laitihausi, penye mnara wa taa ya bahari, niliwakuta saa kumi na robo. Walikuwa wameketi wakitazama bahari, mbele yao mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu. Musyoka aliniona nikishuka peke yangu, akauweka chini muhogo wake. "Mzee yuko na nani?" akauliza. Swaleh alisema alidhani yuko na mimi. Hassanali alisema alidhani mimi niko naye. Nami nikasema, Mungu anisamehe, kwamba yuko nyuma yangu kidogo. Musyoka hakubishana na mtu. Alivaa helmeti akarudi njia tuliyoijia, na hiyo ndiyo mara pekee siku ile nilipoiona pikipiki kubwa ikienda mbio kwa kazi ya maana.

Tulingoja. Swaleh alikuwa na mpango: Ami akifika, tujipange wawili wawili pale pale, tuingie Kizingo kwa mwendo mmoja, na Mwalimu hatajua kitu. Alinionyesha kwa vipande vya muhogo nani atakaa wapi. Nusu saa ikapita. Musyoka akapiga simu kusema ameulizia Makupa yote, mzee ameondoka zamani, na Shimanzi hayupo. Niliyaona yale malori tena, safari hii aliye kati yake si mimi, ni kanzu nyeupe na Vespa.

Kizingo tuliingia saa kumi na moja kasorobo, watu watatu, kwa matumaini kwamba labda tutamkuta njiani. Mitaa ya kule ni kimya, miti mikubwa, mageti marefu, hapana mtu anayetembea ila walinzi. Geti la Mwalimu Mariamu lilikuwa wazi naye amesimama katikati yake. Kibarazani meza imetandikwa: mahamri, viazi karai, chupa ya chai, vikombe vitano.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

Swaleh akasema yuko nyuma kidogo, anakuja taratibu, si unamjua. Hassanali akasema alimwona kwenye kioo chake sasa hivi. Macho yakanigeukia mimi, na ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi kile nakisikia kila alfajiri kupitia dirishani. Ami Twalib alitokea mlangoni, ameshavua koti, mkononi ana kikombe. Hakikuwa kimoja cha vile vitano vya mezani; yeye alishapewa chake mapema.

Mwalimu hakumwangalia. Alituambia kwamba babake amefika tangu nusu saa nzima, peke yake, na ameeleza kwamba aliwashinda wenziwe mbio huko Makupa akawaacha. Kwa hiyo alikuwa ameshaamua. Mzee anayegonga twiga ni tatizo, lakini mzee wa miaka sabini na sita anayeshindana mbio na vijana barabarani ni msiba unaongoja siku. Mnunuzi atakuja kesho kama walivyoagana. Ami alikunywa chai yake akitazama mahamri. Alikuwa amesema uongo kutustiri, na uongo ule ulikuwa unamuuzia Vespa yake, naye alikuwa radhi.

Nilimtazama mwenyekiti wetu nikingoja aseme neno, maana ana koti la ngozi na karatasi ya kanuni. Alikuwa anayasoma matairi yake.

"Hakutuacha, Mwalimu," nikasema. "Sisi ndio tuliomuwata. Mwanzo hawa, kisha mimi, na mimi ndiye nlokuwa mkia. Ametoka Makupa mpaka hapa yu peke yake, na hakugusa hata meza ya mtu."

Mwalimu akamgeukia babake. Akamuuliza amepita njia gani. Ami akajibu kwamba alirudi Mwembe Tayari akakata moja kwa moja. "Nani apite Shimanzi na malori, na ndia fupi iko?" akasema. "Mimi nlitoka kutembea na watu. Walipokwisha watu, nkaja kwa mwanangu."

Mwalimu Mariamu aliingia ndani akatoka na kopo la biskuti, lile ambalo nadhani wanafunzi wake wengi wanalijua. Akatusogezea. "Funguo," akasema. Swaleh akacheka kidogo, akaona hacheki naye mtu, akatia wake. Hassanali akatia, mimi nikatia. Musyoka alipofika, vumbi mpaka kwenye nyusi, naye akautoa wake, lakini Mwalimu alimrudisha mkono akamkaribisha kiti na kikombe cha kwanza. Sisi tulikunywa chai tukiwa tumesimama. Hakuna aliyetuambia tusimame.

Saa kumi na moja u nusu tuliaga. Mwalimu alimkabidhi babake kopo zima, na juu yake ufunguo wa Vespa. Ami akatugawia mmoja mmoja, wa Swaleh mwisho, na kila ufunguo aliutoa pamoja na dua fupi. Mimi niliponyosha mkono sikuweza kumtazama. "Mkia ni wewe yuleyule," akaniambia.

Kutoka Kizingo mpaka Ngomeni ni safari ya dakika tano, na ilituchukua karibu saa nzima. Ami mbele, kisha Hassanali, Musyoka, Swaleh, na mimi. Kwa mara ya kwanza tangu chama kiundwe, hakupotea mtu. Injini ya Swaleh ilinguruma na kukwama kwa hasira kila hatua, akajifunza matumizi ya klachi katika umri wa miaka arubaini na mbili. Na nilichojifunza mimi hakikuhitaji plastiki: mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kisiwa chote ni ukingo, kwa hiyo wa polepole ndiye akae mbele, kwa sababu wenye mbio wanaweza kwenda polepole wakitaka, lakini yeye hata akitaka hawezi kwenda mbio. Tunalijua hili sote tangu utotoni. Tulikuwa tunangoja apatikane mtu wa kutunyang'anya funguo.

Tulipoingia Ndia Kuu, fundi saa mmoja alitoa kichwa mlangoni akaita, "Ami Twalib." Vespa ikasimama. Nyuma yake pikipiki nne zikasimama katikati ya njia nyembamba. Ami akatia mguu chini akaanza kuuliza: hali yako, hali ya mama, na yule mtoto. Swaleh aligeuka akanitazama.

Nikazima injini.