Gari Linalofikiri Kwanza

Watu wengine hungoja kupewa jina la utani. Shemeji yangu hakuwa na subira hiyo, akajiita Sikio mwenyewe. Ni fundi wa magari. Mimi naziba pancha kwenye kibanda kilichopakana na gereji yake, kwa hiyo namwona kila siku bila kutaka. Dada yangu, ambaye ni mkewe, alitaka, na hilo ni juu yake.

Zamani sifa zake zilikuwa za haki. Ukimpelekea gari anakwambia uzime redio na ufunge mdomo. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Akifumbua, ameshajua. Waliosema ni majigambo waliondoka na magari mazima.

Miaka ya karibuni alibadilika, na sisi wote tulijua sababu: kiburi. Ukimsalimu akiwa amekupa mgongo, haitikii. Ukimuuliza atakula sasa au baadaye, anajibu "ndiyo." Mezani dada anaomba chumvi, anaomba tena, mwisho anainuka kuifuata mwenyewe huku akimwita mumewe majina ya wanyama, akianza na punda. Shemeji anatafuna tu.

"Ananidharau," dada alikuwa akiniambia. "Mtu unamtukana hata hakasiriki. Kuna dharau kuliko hiyo?"

Basi likaja gari la mama.

Mama yetu anashona sare za shule. Gari lake ni kuukuu, la kabureta, alilorithi kwa marehemu baba pamoja na mto wa kukalia ili aone mbele. Ugonjwa wa gari hilo alinieleza vizuri kuliko fundi yeyote. "Likisimama linatetemeka kidogo, kama mimi. Likishakimbia halina neno. Lakini nikikanyaga mafuta ili liondoke, linafikiri kwanza."

Kufikiri ni jambo jema, ila si katikati ya barabara kuu. Mama alikuwa anatoka kwenye makutano, akakanyaga, gari likameza mate, na lori likampita mbele ya pua likipiga honi. Alifika gerejini midomo imekauka.

Shemeji akaweka bisibisi, akafumba macho. "Plagi," akasema. Akabadilisha plagi. Mama akaenda, akarudi, gari bado linafikiri. "Chujio la mafuta." Nalo likabadilishwa. Mama akarudi tena. Safari ya tatu shemeji aliifungua kabureta nzima, akaiosha, akaipanga upya kwa upole wa mtu anayemvisha mtoto mchanga. Mama akaenda mpaka kwenye makutano yaleyale, akarudi, akashuka bila haraka. Mama akishuka bila haraka, ujue kuna mtu atakoma.

"Mkwe wangu," akasema, mbele yangu, mbele ya muuza vocha na wateja waliokuwa kwenye benchi, "nakuheshimu. Kwa hiyo nakupa mpaka jioni. Likiendelea kufikiri, kesho nalipeleka pale." Akaonyesha kwa mdomo ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara kuna gereji mpya yenye vioo, kompyuta, na fundi anayevaa glavu kama anakwenda kuzalisha. Kompyuta yenyewe isingepata pa kuchomekwa kwenye gari la mama, lakini hilo halikuwa tatizo la shemeji. Tatizo lilikuwa gari la mama mkwe wake kulala kwa jirani, boneti wazi, mtaa mzima ukitazama. Fundi aliyekimbiwa na mkwe, nani atamletea hata toroli?

"Umenisikia?" mama akauliza.

"Ndiyo," akasema shemeji, macho kwenye injini.

"Sikio la kufa..." mama akaanza, halafu akakumbuka huyu ni mkwe, akameza iliyobaki.

Mchana dada akaleta chakula. Mama alikuwa bado kwenye benchi, mkoba magotini, akiilinda jioni yake. Shemeji alikuwa amewasha injini, anaweka bisibisi hapa, anaihamishia pale, jasho linamtiririka. Nilizima mashine yangu ya upepo ili nimsalimu dada, na hapo ndipo nilipousikia. Ssss. Mlio mwembamba, haukatiki. Injini sizijui, lakini upepo unaovuja ndio unaonilisha, naujua hata nikiwa usingizini. Ulikuwa unatoka palepale alipoinamia shemeji. Naye alikuwa amefumba macho, anasikiliza mahali pengine kabisa.

Dada naye aliusikia. Alifungua mdomo aseme, akasita. Kwa muuza vocha redio ilikuwa inapiga makelele, na zamani shemeji angeifuata akaizima kwa mkono wake. Dada akaitazama redio, akamtazama mumewe.

"Baba watoto," akaita kwa sauti ya kawaida, nyuma ya mgongo wake. Hakugeuka. "Baba watoto, nyumba inaungua."

Shemeji akahamisha bisibisi.

Nikangoja dada alipuke. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kumeza neno tangu alipoota meno, na leo mashahidi walikuwa wamejaa benchi zima. Badala yake aliweka bakuli chini, akauzunguka mdomo wa gari, akainama, akaufuata ule mlio taratibu. Kisha akamshika mumewe mkono, akakiongoza kidole chake mpaka chini ya kimpira chembamba kama mrija kinachounganisha injini na distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi.

Shemeji akafumbua macho. Kimpira kilikuwa kimepasuka upande wa chini, usioonekana kwa jicho, na kilikuwa kinakifyonza kidole chake. Akaziba ufa, injini ikatulia. Akaachia, ikatetemeka. Akaziba tena. Dada akagusa sikio lake mwenyewe, akamwinulia nyusi. Shemeji akatazama chini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa. Nilimwonea huruma, na sijazoea kumwonea huruma.

"Vipi huko?" mama akauliza kutoka kwenye benchi.

"Mume wangu ameupata ugonjwa," dada akajibu kwa sauti kubwa, kabla mtu mwingine hajasema kitu.

Kikafungwa kimpira kipya. Mama akaenda mpaka kwenye makutano, akarudi amekaa wima juu ya mto wake. "Limeacha kufikiri," akatangaza. "Sasa limekuwa kama wanaume wengine."

"Asante, mama," akasema shemeji, ambaye nina hakika hakujua ameambiwa nini.

Jioni hiyo nilikula kwao. Dada akaonja mboga, akakunja uso, nami nikajiandaa kwa wanyama. Lakini aliinuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya mumewe, akamgusa bega na kungoja mpaka ainue macho.

"Chumvi," akasema.

Shemeji akampa. Kisha, akiwa bado ameshika kifuniko cha kikopo, akasema polepole, "Mimi nilidhani umechoka kuongea na mimi."

Dada akaiweka chumvi mezani. Mimi nikatazama sahani yangu.

"Kuchoka?" akasema. "Nimekutukana kila siku ya Mungu. Matusi mazuri, mengine niliyatunga mwenyewe. Yote yamepotea bure."

"Yarudie," akasema shemeji.

Dada akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na mumewe, akamshika kidevu ili asitazame pembeni. Alianza na punda.