Mume wangu amempa mwanamke mwingine Gaju, roboti lenye jina la ng'ombe wa mahari yangu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mume wangu na shemeji zangu wote wako humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimezaliwa na kukulia Mwanza, nikaja Kigali kwa kazi na nikaolewa hapa hapa. Mume wangu alikulia Bujumbura, wazazi wake walikimbilia huko kutoka Rwanda, ndiyo maana nyumbani kwetu, mtaa wa Niboye hapa Kigali, tunaongea Kiswahili, kila mtu cha kwao. Tuna mtoto mmoja. Mtacheka mkisikia kwamba kinachonitoa machozi ni geimu, lakini someni hadi mwisho ndipo mcheke.

Ni geimu ya maroboti makubwa, marefu kama maghorofa ya mjini. Wewe ni rubani, unaingia kifuani mwa roboti na kupigana, ila si kupigana tu. Ina hadithi ndefu. Kuna mji umevamiwa, kuna watu wa kuokoa, kuna wenzako unaochagua kuwaamini au kuwaacha, na ukichagua vibaya mtu anakufa na harudi tena. Maneno yake yote ni Kiingereza, na mume wangu Kiingereza kinampiga chenga kwa sababu alisoma kwa Kifaransa. Kwa hiyo yeye alishika pedi, mimi nikasoma na kumtafsiria, kila Jumapili tukitoka kanisani. Kuna kamanda mmoja mwenye maneno matamu, nilimwambia mapema kabisa kwamba huyu atatuuza, na kweli alituuza. Nilizipenda Jumapili zile kuliko sikukuu.

Roboti letu tuliliita Gaju, jina la ng'ombe aliyepelekwa kwa baba yangu siku ya mahari. Likishinda vita mume wangu alikuwa anasimama katikati ya sebule na kulisifu kwa Kinyarwanda, kama wale wazee wanaosifu ng'ombe kwenye harusi, nami nacheka mpaka mbavu zinauma.

Kisha akanunua hedifoni. Akasema hataki makelele yamsumbue mtoto. Mtoto huyo huyo analala fofofo redio ya jirani ikibweka ukutani! Akaanza kucheza mtandaoni na kikosi cha watu nisiowajua, kila akirudi kazini, na Jumapili nikikaa nakuta hadithi imeshanipita.

"Nani alikusomea?" nikamuuliza.

"Nilielewa tu."

Aelewe leo, Kiingereza kile kile kilichomshinda tangu tuanze? Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Nikaona anavyotabasamu peke yake mbele ya skrini, anavyonong'ona kwenye maiki, na anavyonyamaza nikiingia na chai.

Siku moja nikatazama gereji ya maroboti yetu. Gaju hayupo.

"Gaju yuko wapi?"

"Nilimupa rubani mumoja wa kikosi chetu. Iko anaanza, hana roboti ya nguvu."

"Mwanaume au mwanamke?"

"Weye nawe! Ni muchezo tu, si ng'ombe."

Si ng'ombe! Nani asiyejua kwamba Rwanda ukimpa mtu ng'ombe umefunga naye undugu, na siku moja lazima akurudishie wema huo? Na mwanamume akipeleka ng'ombe kwenye nyumba yenye binti, kila mtu anajua anataka nini. Yeye ndiye aliyenifundisha hayo, mimi niliyekulia Mwanza. Leo ananiambia ni mchezo tu. Niliumia, na niliona haya kuumia kwa sababu ya roboti.

Jumapili iliyopita mchana jirani akamwita getini asogeze gari. Akatoka mbio, hedifoni akaziacha kwenye kochi. Nikazivaa. Mungu anisamehe, nilikuwa nimechoka kubahatisha.

"Uko? Mbona unanyamaza?" Sauti ya mwanamke, laini, Kiswahili cha Bujumbura.

Nikakohoa tu, na kikohozi changu ni cha kike.

"Ah, ni weye dada yake! Alituambia iko na dada anamusomeaga maneno ya muchezo. Asante sana, dada. Kaka yako alinipa ng'ombe."

Nilitaka kusema mimi ni mke wake. Mdomo ukafunguka, kilichotoka ni "Ndiyo."

"Basi Jumamosi akikuja hapa kwetu Masaka, ukuje na weye. Mama anasema mutu mwenye alikupa ng'ombe hawezi kubakia mugeni wa ku skrini. Anataka kumuona."

Nikavua hedifoni kama zimeniunguza; Masaka ni hapa hapa Kigali. Mume wangu aliporudi nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, Jumamosi ana mpango gani. Akajibu bila hata kugeuka, "Kuna kiwanja naenda kuangalia Masaka, na mwenzangu wa kazi."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Wakati mwingine namtetea. Labda aliona haya kuwaambia marubani wenzake kwamba mke wake ndiye anayemsomea, uongo mdogo ukamtoka, sasa hajui pa kuurudisha. Labda mama yule anataka tu kumshukuru, wanywe fanta, basi. Halafu nakumbuka kile kiwanja. Kama hakuna kitu, kiwanja cha nini? Nampenda mume wangu, na sitaki kuvunja nyumba yangu kwa jambo ambalo hata mwenyekiti wa mtaa nikimweleza atanicheka. Lakini pia sitaki kuwa mtu wa mwisho kujua.

Jumamosi ni keshokutwa. Shati jeupe ameshalipiga pasi mwenyewe, yeye asiyejua hata pasi inakaa wapi. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Nimkabili kabla hajatoka? Au nivae mshanana wangu, lile vazi la sherehe, nipande moto, pikipiki ya abiria, hadi Masaka, nikaketi kwa yule mama na kupokelewa kama wifi wa binti yake?