Mbuzi Aliyekohoa kama Mama

Mama alikufa kwa kikohozi mwishoni mwa kiangazi. Mvua za kwanza ziliposhuka kutoka milimani hadi Uvira, ukingoni mwa ziwa, kikohozi chake kikarudi.

Kilitoka zizini, nyuma ya nyumba. Kwanza pumzi iliyokwaruza, kama ya mtu anayetaka kusema neno, kisha mfululizo mkavu, kisha kimya. Nilikuwa nikisonga ugali. Mwiko ukanisimama mkononi. Nyanya, aliyemzaa mama, alikuwa ameketi mlangoni akimpakata mdogo wangu, na nilimwona akigeuza kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Ni mbuzi," akasema. "Songa bugali, mujukuu wangu. Ni mbuzi tu."

Mdogo wangu alikuwa akiishi kwa maziwa ya mbuzi huyo, jike mweusi aliyekuwa na mimba mama alipoanza kuugua, akazaa mama angali hai. Maziwa mengine hatukuwa nayo. Baba, mpagazi wa bandari ya Kalundu, alikwisha kusema kwamba mbuzi akifa, atampandisha mdogo wangu Bijombo, huko milimani, kwa shangazi, ambako ng'ombe hawakosekani. Hakumwambia nyanya neno hilo. Aliniambia mimi, nyanya akiwa nyuma ya ukuta wa matete, akisikia kila kitu. Mama mkwe hasemeshwi ovyo, wala haangaliwi usoni. Tangu nyanya alipokuja kumuuguza binti yake, baba alikuwa akilala kwenye kibanda cha mbele, na maneno yao yote yalipita kinywani mwangu.

"Umuambie baba yako, Bijombo iko baridi. Kifua ya mutoto itakamatwa."

Nikageuka. "Baba, nyanya anasema..."

"Nimesikia. Umuambie nyanya yako, njaa inaua mbele ya baridi."

Kulikuwa na neno jingine ambalo hakuna aliyelitamka. Mtoto akipanda milimani, nyanya hatakuwa na sababu ya kukaa kwa mkwewe. Atarudi kwao mikono mitupu, baada ya kumzika binti yake kwetu.

Basi akaanza kutibu. Alichuma mubirizi, ule mti mchungu wa mipakani mwa mashamba, akatwanga majani yake na kumnywesha mbuzi maji yake kwa kibuyu. Kisha akachemsha majani ya mkaratusi na kivumbasi ndani ya chungu, akamwinamisha mbuzi juu ya mvuke na kumfunika kitenge. Kitenge kilikuwa cha mama. Chungu kilikuwa kile kile alichoinamia mama, na majani yalikuwa yale yale. Siku ya kugawa nguo zake, ndugu walichukua nyingine zote. Hicho nyanya alikikunja akakikalia, akasema kinanuka dawa, nani atakitaka.

Jirani yetu, mama mmoja muuza samaki, alisimama uani na beseni lake kichwani.

"Munamufukiza mbuzi sawa bibi ya mukubwa? Kesho mutamupa na chai?"

"Chai ni mwiko kwake," nyanya akajibu. "Weye mwenye mudomo murefu, tua beseni, shika miguu ya nyuma."

Jirani akacheka, akashika. Ndipo mbuzi akakohoa. Kitenge kikainuka, kikashuka, kikainuka. Jirani akaachia miguu. Alijifuta mikono kwenye nguo, akachukua beseni lake na kwenda bila kuaga.

Asubuhi mtoto alikataa maziwa. Aliyaonja, akakunja uso, akayatema na kulia. Nyanya akachovya kidole, akalamba, akakaa chini. Alikuwa amemkamua mbuzi kwa mikono ile ile iliyotwanga mubirizi.

Kwetu, mama anayetaka kumwachisha mtoto kunyonya hupaka mubirizi kwenye chuchu. Mama yetu alifanya hivyo kabla ya wakati, alipoona damu kwenye makohozi yake. Aliogopa kumwambukiza mtoto. Nilimwona akipaka, akimgeuzia mtoto kisogo ili wasitazamane. Uchungu huo ndio ulikuwa kitu cha mwisho alichompa.

Nyanya alisugua mikono kwa majivu, akaisugua tena kwa mchanga wa ziwani. Akakamua upya. Maziwa sasa hayakuwa na kasoro, niliyaonja mimi. Mtoto akafumba mdomo.

"Anazani ni mama yake," nyanya akasema. "Anazani anamukatalia tena."

Kutwa nzima nilimdondoshea maziwa kutoka kwenye ncha ya kidole changu, tone kwa tone, akimeza huku akilia. Nyanya akauacha mubirizi kabisa. Mvuke peke yake ndio ulibaki, nao ulitaka mbuzi ashikiliwe kwa muda mrefu zaidi.

Jumapili baba alikuwa nyumbani. Mbuzi alinipiga kichwa kifuani, nikaanguka, na chungu kikaponea chupuchupu kumwagika. Baba akatoka kibandani mwake. Akaingia zizini, akapiga magoti mbele ya nyanya na kukamata pembe. Nyanya akageuza uso.

"Umuambie baba yako atoke."

Nilifumbua kinywa. Baba akanitangulia.

"Mama, miye sitoki. Mufunike."

Sikuwa nimewahi kumsikia akimsemesha. Nyanya akakitandaza kitenge juu ya mbuzi, juu ya kichwa cha baba, na juu ya kichwa chake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika taya. Niliona migongo tu, na mvuke ukitoka pindoni. Ndani mtu akakohoa. Au mbuzi. Sikujua ni nani.

Walipotoka macho yao yalikuwa mekundu, na baba akashuka ziwani kunawa. Baada ya hapo walifanya hivyo kila alipokuwa nyumbani. Siku za kazi, akirudi kutoka Kalundu, alisimama kwanza nyuma ya zizi mpaka mbuzi akohoe, ndipo akaingia kibandani. Nilidhani anaupima ugonjwa.

Jioni moja alisimama pale na mbuzi hakukohoa. Tangu asubuhi hakuwa amekohoa. Baba alingoja, gunia bado liko begani.

Nyanya akasema naye kutoka mlangoni, bila kunipitia. "Mbuzi iko anakula. Mutoto naye amekunywa, amelala. Hautamupeleka."

"Ndiyo, mama. Sitamupeleka."

Lakini hakuondoka. Nilimpelekea ugali wake pale pale, ukapoa mikononi mwangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea zizini, na mbuzi ndani akicheua taratibu.

"Ngoja kidogo," akaniambia. "Labda atakohoa."