Siku Dada Alipoolewa Tena na Mume Yuleyule

Enzi zetu picha ilikuwa kitu cha kungojewa. Mkanda mmoja ulitoa picha thelathini na sita tu, na mjomba Kalisti, kaka yake mama, hakutaka hata moja ipotee bure. "Simama wima! Usicheke, unaniharibia mkanda!" Ndiyo maana wazazi wetu kwenye albamu wamenuna wote, utadhani wako foleni ya sindano.

Nilikuwa darasa la pili tulipomwoza dada Veronika nyumbani kwetu Cheyo. Mjomba alipiga harusi nzima, kuanzia kanisani hadi kwenye keki, zikabaki picha tatu. Akasema atazimalizia Jumapili ndipo apeleke mkanda ukasafishwe. Kamera akaiweka juu ya kabati.

Dada akaondoka na mumewe, shemeji Pius, aliyekuwa mwalimu Ulyankulu. Nyumba ikapoa. Tangu nipate akili nilikuwa nalala na dada kitanda kimoja. Siku ya tatu nikapanda kiti, nikaishusha kamera na kuifungua mgongoni. Nilitaka kumwona tu. Dada hakuwemo, mlikuwa na utepe wa kahawia unaong'aa. Nikafunga, nikairudisha.

Wiki iliyofuata mjomba alirudi kutoka studio mikono mitupu. Mkanda wote ulikuwa umeungua kwa kuingiwa na mwanga. Akaapa kwamba fundi ndiye aliyeuunguza, na kesho yake angekwenda kumvaa mbele ya wateja wake. Fundi huyo alikuwa mzee mpole wa mjini, aliyezoea kutugawia tende tukipita dukani kwake. Nikaliweka chini tonge la ugali.

"Mjomba, si yeye," nikasema. "Nilifungua mimi. Nilikuwa namtafuta dada."

Nikangojea fimbo. Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baba ndiye aliyeanza kucheka.

"Basi tutawaoza tena."

Barua ikaenda Ulyankulu. Mwezi uliofuata maharusi wakaja, gauni limekunjwa sandukuni. Keki ilikuwa imeliwa zamani, hivyo mama akapanga mikate mitatu na kuifunika kitambaa cheupe cha kufuma. Jirani akachungulia uani.

"Jamani, huyu bwana anaoa mke wa pili mapema hivi?"

"Anaoa, ila ni yuleyule," baba akamjibu.

Na bibi, mama yake mama, ambaye siku ya harusi yenyewe alikuwa hoi kitandani kwake Ipole, safari hii alifika na asali yake, akaketi katikati ya maharusi. Alifariki kabla mwaka haujaisha. Picha yake pekee tuliyo nayo ni ile ya harusi ya marudio: kanuna kama wenzake, lakini kaushika mkono wa dada na hauachii.

Siku hizi watoto wetu wanaipiga picha sahani ya chipsi kabla ya kuila. Wanajipiga kumi kwa pozi moja, wanafuta tisa, na ile iliyobaki wanairemba mpaka inafanana na mtu mwingine. Simu ikitumbukia majini, miaka miwili ya maisha imekwenda nayo. Mimi bado natamani ile bahasha ya studio, na ile harufu ya dawa picha zikiwa mpya, sote tukigombania kuzishika.

Lakini Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa uani na bibi yake, wakibangua karanga, akampiga picha bila kumwambia akae sawa. Mama sasa hana meno ya mbele. Aliishika simu kwa mikono miwili, akajitazama: kinywa wazi, macho yamezama katika kicheko. Akanigeukia kwa ukali kidogo.

"Kumbe ndivyo ninavyocheka?"

"Ndiyo, mama."

"Na miaka yote hii hamkuniambia!" Akamrudishia mjukuu wake simu, akajiweka vizuri kwenye mkeka. "Hebu piga nyingine."