Daftari la Pole

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema hilo mapema asije mtu akadhani nimebadilika. Kwetu ni Shika Adabu, upande wa Likoni, na jina hilo peke yake limeniletea ugomvi mwingi. Kila nikitaja kwetu, mtu hunitazama juu chini kisha akaniuliza, mbona wewe hukuishika? Nimewahi kurushiana maneno na kondakta kwa swali hilo, tukapitiliza vituo viwili tukiwa bado twagombana.

Miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza nilikuwa karani katika bohari moja ya mizigo huko Changamwe. Kazi yangu ilikuwa dirishani. Mtu mzigo wake ukifika umevunjika, au umelowa, au haukufika kabisa, alikuja kunilalamikia, nami nikimlalamikia yeye kwa kunilalamikia. Lakini Kiingereza changu kilikuwa safi na mwandiko wangu umenyooka, na karani mkuu, Mgoa mmoja mtu mzima, alikuwa yuafunga virago arudi kwao. Mjini kulikuwa na maneno kwamba viti vyote sasa vitakaliwa na wenyewe. Basi mimi nilikitaka kile kiti chake. Kilikuwa na mikono miwili na mto, na kilikaa chini ya feni. Mamangu nilikuwa nimeshamwambia ni changu, na yeye alikuwa ameshamwambia shangazi, ambaye kumwambia kitu ni sawa na kupiga mbiu.

Aliyenizibia njia alikuwa Mrabai mmoja wa makamo, Mkristo, karani wa dirisha la pili. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Lakini watu walifika kwake wakifoka, wakaondoka wakimwachia mihogo. Nami nilimchunguza sana nijue dawa yake ni ipi, nisione kitu. Yeye alikuwa akiwapa pole tu. Pole na safari, pole na jua, pole na kusimama, pole na mzigo. Mtu hujibu nishapoa, na ukimtazama kweli amepoa, hata kama sahani zake zimebaki vigae. Kwangu mimi ule ulikuwa uvivu wenye heshima.

Sasa, mkubwa wetu alikuwa mzungu mmoja mrefu tuliyemwita Bwana. Kiswahili chake alikiokota huko bara, kwa wapishi na wachunga ng'ombe, na kilikuwa kikituumiza masikio sisi watu wa pwani. Siku moja akaja mfanyabiashara aliyevunjikiwa na sanduku la bilauri, akasema kosa ni letu, na ushahidi anao: karani wenu mwenyewe aliniambia pole. Bwana akaenda kwenye kikamusi chake, akatafuta pole, akaikuta imefasiriwa kwa neno lile lile wanalotumia wao wakiomba radhi. Akatoka ofisini amewiva uso. Kumbe kwa miaka yote hiyo makarani wake wamekuwa wakikiri makosa dirishani, na wengine wakiyakiri bure, hata kwa watu waliolalamikia jua.

Tangazo likabandikwa siku ile ile: ni marufuku kwa mfanyakazi yeyote kusema pole ndani ya bohari.

Wallahi, sentensi moja ya Kiingereza ingetosha. Ningemwambia Bwana kwamba anayekiri kosa husema samahani au niwie radhi, na pole ni kitu kingine, hupewa hata mtu aliyejikwaa kwa ujinga wake mwenyewe. Nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu nilimtazama Mrabai anavyosomewa lile tangazo nikaona mdomo wake umenyang'anywa kazi. Nikaenda mbali zaidi. Nikaingia kwa Bwana nikajitolea kuweka daftari, kila atakayesema pole nimwandike jina, saa, na aliyeambiwa. Bwana akanipa daftari jipya na kalamu nyekundu.

Wiki ile niliandika watu mpaka kidole kikaota sugu. Niliandika kuli aliyempa pole mwenziwe kwa kuangukiwa na gunia mguuni. Niliandika mpika chai aliyempa pole paka. Mlinzi wa lango nilimwandika mara nne asubuhi moja, kwani alikuwa na watu wengi wa kuwasalimu. Na kwangu dirishani mambo yalichacha. Alikuja mama mmoja wa Bofu, cherehani yake imefika imevunjika shingo, nikamsomea kanuni. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Cherehani itatengezwa. Mimi nangoja uniambie pole nende zangu."

Nikamjibu kwamba imekatazwa. Akaniuliza imekatazwa na nani, nikamwonyesha tangazo. Akavua kiatu. Mimi nilipita chini ya meza nikatokea upande wa mizani, na yule Mrabai ndiye aliyemtuliza, kwa kumpa kiti na maji na kumuuliza habari za Bofu nyumba kwa nyumba, bila kulitaja lile neno hata mara moja. Yule mama akaondoka akicheka. Hilo liliniudhi kuliko kile kiatu.

Haukupita muda watu wakabuni kukohoa. Karani alikohoa mara mbili, maana yake pole, na mteja akijibu kwa kikohozi kimoja, nishapoa. Likaenea hata kwa makuli. Ukipita baina ya magunia ungedhani watu wote wamekaliwa na pumu. Mimi sikuwaandika, kwani amri haikutaja kikohozi, na mimi nilikuwa mtu wa amri. Lakini Bwana alisikia, akaingiwa na hofu ya kifua kikuu, akamleta mganga wa serikali na kile chombo chake cha kusikilizia vifua. Tulipangwa mstari, tukavua mashati, tukavuta pumzi na kuzishusha kutwa nzima. Mganga, kijana wa Kisauni, hakuona ugonjwa wowote. Akafunga mkoba wake akatuambia, haya jamani, poleni kwa kusimama. Nikamwandika.

Siku ya Jumatano, yapata saa nne asubuhi, ililetwa simu ya maandishi kutoka Ulaya. Bwana akaipokea, akaingia nayo ndani. Kisha akatoka. Akaja mpaka nyuma ya kiti changu akasimama, ile karatasi mkononi, akasema:

"Mama yangu nakufa."

Kwa sisi watu wa pwani, mtu akisema mama yangu nakufa, anakufa yeye. Kuli mmoja akatimka kwenda kuleta maji. Mpika chai akamshika Bwana kwapani asianguke, mwengine akaanza kumpepea kwa jalada. Bwana akatutazama haelewi, akarudia, mama yangu nakufa, huku akitikisa ile karatasi. Mimi hapo nikafahamu. Niliisoma ile simu mkononi mwake, mistari miwili tu. Na unajua nilifanya nini? Nilimsahihisha.

"Si nakufa, Bwana," nikamwambia. "Mtu akiwa ameshakufa, husemwa amekufa."

"Amekufa," akasema yeye, taratibu, kama mwana wa chuoni aliyeshikishwa aya.

"Ndivyo," nikasema.

Basi bohari nzima ikaelewa, na bohari nzima, makarani na makuli, ikakohoa mara mbili.

Bwana aligeuza uso huku na huku. Yeye hakuwa akiijua maana ya kile kikohozi, alikuwa mtu aliyefiwa na mama katikati ya watu thelathini wanaomkoholea. Ndipo Mrabai aliponyanyuka. Alikuja mpaka pale, akaushika mkono wa Bwana kwa mikono yake miwili, akasema, pole Bwana, pole sana, akakaa nao mkono ule asiuachilie. Akamuuliza mama alikuwa na umri gani, na kama aliugua, na mara ya mwisho walionana lini. Bwana akamjibu yote kwa kile Kiswahili chake kibovu. Na mimi nikatazama saa ya ukutani, nikafungua daftari, nikaandika: saa nne na robo, karani wa dirisha la pili, kwa Bwana mwenyewe, pole mbili.

Nayasema haya sijipendi. Lakini siku ile nilijiona nimeshinda, nikasema moyoni, sasa amejimaliza mwenyewe.

Jumamosi, siku ya kutajwa karani mkuu mpya, kabla ya kufunga saa sita, Bwana aliliomba daftari. Akalisoma amesimama. Alipofika Jumatano aliweka kidole juu ya ule mstari. Kisha akaniuliza:

"Na wewe nasema nini?"

Safari hii sikumsahihisha. Nikamwambia sikusema kitu, nilishika amri. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo, wewe nashika amri, bila ukali wowote, laiti angelinifokea. Akalifunga daftari, akamwita Mrabai, akampeleka mpaka penye kile kiti chenye mto akamwambia akae. Mrabai akakaa kwenye ncha, anaona haya.

Nilitoka pale nachemka. Kwenye basi sikuzungumza na mtu, kwenye feri nilimkanyaga mtu nikamgombeza yeye. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, lakini nakwambia, siku ile mvuvi mwenyewe angenikimbia. Nilipofika nyumbani nikakuta jiko la uani linafuka, shangazi na majirani wamekaa jamvini, na mamangu amejifunga leso mpya anapakua pilau. Walikuwa wameshaanza kuniita karani mkuu tangu nikiwa njiani.

Nikawaambia hapo hapo, wima. Nikasimulia yote tangu mwanzo, nikitaraji watu washike vichwa wanisikitikie: nilivyofanya kazi kwa uaminifu, nilivyoandika bila upendeleo, na jinsi kiti alivyopewa mtu asiyejua kuandika barua. Shangazi akaguna mahali pake. Mamangu hakuguna. Alishikilia upawa mpaka nimalize, kisha akauliza:

"Huyo mzungu kafiwa Jumatano?"

"Jumatano."

"Na leo Jumamosi. Ni nani aliyempikia?"

Nikamwambia ana mpishi wake.

"Mpishi kaajiriwa," akasema mama. "Nakuuliza ni nani aliyempikia."

Wala hakungoja jibu. Alizimimina sahani zote sufuriani, pilau ya sherehe yangu mwenyewe, nyama na yote, akaifunika, akaifunga kwa kitambaa safi, akanitwika. Majirani wakaondoka na njaa zao, na hakuna aliyelalamika. Msiba ni msiba.

Usione mzaha, kuvuka feri na sufuria ya pilau saa tisa za mchana. Kila mtu aliniuliza harusi iko wapi. Nikawa nawajibu ni msiba, nao wananipa pole, mmoja baada ya mwengine, wananiuliza amekufa nani, nasema mama wa mkubwa wangu. Watu wasionijua waliteremsha nyuso. Bibi mmoja akamsomea rehema, nami nikaitikia amina. Kufika Changamwe nilikuwa nimeshapewa pole ishirini zisizokuwa zangu, na hasira imenitoka, sijui ilishukia wapi.

Nyumba ya Bwana ilikuwa juu ya kilima. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya Kiingereza ya kumwambia, mazuri, yenye sarufi. Alipofungua mlango, yu peku na hakunyoa, hata neno moja halikuja.

"Mamangu amekupikia," nikasema.

Akaitazama ile sufuria. Akauliza, mama yako? Nikamwambia ndiye. Akaipokea kwa mikono miwili, akakaa nayo pale pale kwenye ngazi, akafungua kitambaa, akala kwa mkono, vibaya, wali ukimdondoka magotini. Mimi sikujua nifanye nini, nikakaa kando yake. Baadaye akaisukuma sufuria upande wangu, kwani kumbe nilikuwa naitazama, sijala tangu asubuhi. Tukala. Bwana hakulia. Aliyelia ni mimi, tena kwa sauti, tonge mdomoni, na mamangu yu hai mzima wa afya, ananingoja nimrudishie sufuria yake.